Bwana Posta: shajara ya mchezo wa mezani

Januari 11

Jina limepita: Bwana Posta. Kwa anayekutana na mradi huu leo, tunatengeneza mchezo wa mezani wa watu watano kuhusu kuajiri wafanyakazi wa posta hapa kwetu zama za Mwingereza, kuanzia 1905 hadi 1929. Hakuna jeshi wala mizinga kwenye ubao. Kuna karani anayeumwa malaria, waya uliokatwa, makisio ya fedha yasiyotosha, na mkubwa aliye ng'ambo ya bahari ambaye sharti aulizwe kila jambo.

Tunaanza na 1905 kwa sababu Aprili mwaka huo Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya baadaye, ilitolewa mikononi mwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikakabidhiwa Wizara ya Makoloni. Mkubwa alibadilika, masafa yakabaki yale yale. Reli ilikuwa imeshafika Kisumu tangu Desemba 1901, na Nairobi, mji uliozaliwa na reli hiyo Mei 1899, ulikuwa unajaa watu wenye barua za kutuma. Kila penye stesheni kubwa alihitajika mtu wa kupokea barua, kuuza stempu, kupiga telegramu na kuhesabu hela jioni. Atoke wapi mtu huyo, alipwe nini, na nani amkubali? Mchezo mzima ni hayo.

Timu ni ndogo. Mimi naandika kanuni, dada mmoja anachora, jamaa wa hesabu anapima pointi, na vijana wa Pumwani wanaotuazima ukumbi Jumamosi wanacheza na kutukosoa bila huruma.

Januari 18

Ubao umekaa. Ni mstari mmoja wa reli wenye vituo vinne: Mombasa, Nairobi, Nakuru na Kisumu. Kila kituo kina mchezaji wake, na wa Nairobi ndiye anayezikusanya barua za wenzake kabla hazijaondoka.

Mchezaji wa tano ni London. London haoni ubao. Anakaa chumba kingine, ambacho kwetu ni stoo ya viti, na anajua yale tu aliyoandikiwa. Barua iliyoandikwa mzunguko huu inatiwa kwenye kikapu cha meli. London anaifungua mzunguko unaofuata, na jibu lake linafika mzunguko wa tatu.

Mizunguko hatukuipima kwa miezi, tumeipima kwa meli. Barua ya Mombasa ilichukua wiki tatu hadi nne kufika Uingereza kupitia Aden na Suez, na jibu lilichukua nyingine kama hizo, mbali na siku ambazo ingelala mezani kwa makarani wa huko. Telegramu ilikuwepo, maana kebo ya baharini ilifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, ikaunganishwa na Mombasa 1890. Lakini telegramu ililipiwa kwa neno. Kwenye mchezo kila neno ni rupia moja, na matokeo yameonekana leo leo: wachezaji wanabana maneno mpaka maana inatoweka. Mombasa alituma KARANI KAFA LETA. London akauliza ni karani yupi na kiletwe nini, na kwa ubahili wake akalituma swali kwa meli.

Hiyo haikuwa kwenye kanuni. Tumeiacha.

Februari 4

Asubuhi nzima Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue, mimi na mchoraji. Barabara hiyo ndiyo iliyokuwa Government Road, na jengo lenyewe lilikuwa benki, kwa hiyo unasoma habari za mishahara ya watu ndani ya nyumba iliyojengwa kwa kuweka hela. Tulikuwa tunatafuta orodha za watumishi: gazeti rasmi la serikali, lililotangaza nani ameteuliwa na nani amekwenda likizo, na vile vitabu vya takwimu vya kila mwaka vilivyopelekwa London.

Ukikaa na orodha hizo muda wa kutosha, mpangilio wake unakuingia. Mzungu ana jina kamili, cheo, tarehe ya kuteuliwa, mshahara kwa pauni, na siku aliyopanda meli. Mgoa au Mhindi ana jina, ingawa herufi zake zinabadilika kutoka mwaka hadi mwaka. Tarishi ni idadi. Wameandikwa kwa tarakimu na jumla ya ujira wao, mwisho wa habari.

Na hao ndio walioibeba posta kabla ya reli. Barua za bara zilikwenda kwa miguu kutoka pwani, zikipitia Machakos, mpaka Uganda. Hata baada ya treni, kila mahali palipokuwa mbali na mstari, kama Fort Hall, yaani Murang'a, palitegemea miguu ya mtu. Mchoraji alifunga daftari akasema kadi za matarishi hazitakuwa na majina, kama orodha ilivyo, ila upande wa nyuma atachora sura ya mtu mzima mzima, kila kadi na sura yake. Kadi itageuzwa pale tu tarishi anapofundishwa kazi ya ndani. Nilimuuliza kama hilo halitamwongezea kazi. Akanijibu kwamba kazi ni yake.

Kitu kimoja kinachokera: tulichonacho hapa ni upande mmoja wa mazungumzo. Barua halisi kama zilivyopokelewa na kuandikwa pembeni na maofisa wa Wizara ya Makoloni ziko Kew, London, katika mfululizo wa CO 533. Anayetaka kujua London iliwaza nini kuhusu karani wa Nairobi bado lazima aende London, au alipe anakiliwe.

Februari 15

Jaribio la kwanza la mchezo mzima. Limevunjika vizuri.

Mshindi alikuwa kijana wa Nakuru. Mkakati wake: aliachisha kazi kila mwenye mshahara mkubwa, akamrudisha Mzungu wake kwao kwa meli, akaajiri matarishi tu na kuwapa kazi zote. Kituo kikaenda. Alipoulizwa kwa nini, alisema kadi ya tarishi inagharimu posho na shilingi chache, kwa nini amlipe mtu nyumba, mtumishi, kwinini na nauli ya likizo? (Tulimkumbusha kwamba shilingi bado hazijaja, ni rupia. Hakujali.)

Kwa kanuni zetu alikuwa na haki. Kwa historia, asingeweza, na ilitubidi tuseme ni nini hasa kingemzuia. Jamaa wa hesabu alitaka tupunguze nguvu za kadi ya tarishi: aharibu barua, apoteze vifurushi. Mchoraji alikataa kabisa, na mimi nikasimama naye. Huo ungekuwa uongo wenyewe wa wakati ule, umevishwa dadu. Tarishi hakuzuiwa na ujinga. Alizuiwa na karatasi.

Kwa hiyo tumeandika kanuni ya nafasi. Kila kituo kina jedwali lenye visanduku, na kila kisanduku ni nafasi iliyokubaliwa London: cha Mzungu, cha karani wa Kiasia, cha fundi wa laini, cha tarishi. Huwezi kumlipa mtu asiye na kisanduku. Ukimlipa, London akagundua, unakatwa wewe mwenyewe mfukoni, na hilo halikubuniwa na sisi. Ofisa aliyetumia fedha bila idhini alidaiwa yeye binafsi. Mpaka 1912 mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu Himaya ilikuwa haijajimudu na ilipewa ruzuku, hivyo Hazina ya Uingereza nayo ilichungulia makisio mpaka senti ya mwisho.

Visanduku vya katikati tumewapa Wagoa na Wahindi, kama ilivyokuwa. Wagoa walikuwa raia wa Ureno, wengi wamesoma, na Bombay ilikuwa imewazoesha kazi za ofisi za Mwingereza. Tena posta ya pwani yetu ilikuwa na mazoea ya Kihindi kabla London haijashika kalamu: posta ya Zanzibar iliendeshwa kama tawi la posta ya India hadi 1895, na mwaka huo huo huku Himaya zilitumika stempu za India zilizopigwa chapa ya British East Africa juu yake. Mkubwa wa mbali alikuwa Bombay, kisha akawa London. Kwa tarishi wa Kisumu sidhani ilileta tofauti.

Machi 1

Hili la leo naliandika kwa urefu kwa sababu ndipo mchezo ulipoanza kuwa mchezo.

Kisumu ilishikwa na binti wa kidato cha tatu. London alikuwa jamaa anayetengeneza simu mtaani, mtu mpole, ndiyo maana tulimchagua. Mapema tu Kisumu alivuta kadi ya homa: mpiga telegramu wake kalala. Alikuwa na mmoja tu. Akaandika:

"Mheshimiwa, mpiga telegramu wangu ana homa. Naomba nafasi ya wa pili. Treni hazingoji."

Barua ikaenda kwenye kikapu. Mzunguko uliofuata akarusha dadu, homa ikazidi. Mzunguko wa tatu jibu likatoka stoo:

"Barua yako imepokelewa. Kabla ya ombi kufikiriwa, eleza kwa nini kituo chako kilizidisha matumizi ya dawa kwa rupia tano."

Wakati anaisoma, kadi ya mpiga telegramu ilikuwa imeshaondolewa mezani, kwa sababu dadu ndivyo ilivyosema. Binti aliandika mstari mmoja, "Dawa ilikuwa yake," akautia kwenye kikapu.

Huku nyuma mambo yalikuwa hayajasimama. Telegramu za Kisumu ziliendelea kwenda na kurudi, Nairobi alizipokea, pointi zilihesabiwa. Jamaa wa hesabu akashtuka, akauliza nani anazipiga. Binti akaonyesha kwa kidole. Alikuwa amemchukua tarishi namba nne akamfundisha, akaigeuza kadi yake, sura ikawa juu, akamweka kwenye kiti cha marehemu.

"Yuko kisanduku gani?"

"Cha matarishi. Analipwa cha matarishi."

"Na London anajua?"

"Sijaulizwa."

Mchezo ulipokwisha tulimleta London aone ubao kwa mara ya kwanza. Aliduwaa. Vitabu vyake vilisema Kisumu haina mpiga telegramu na imeomba mmoja, naye alikuwa akijisifu kwamba ameokoa mshahara huo. "Mimi naona karatasi tu," alisema. "Karatasi ilisema mmezidisha." Alikuwa anaeleza, hakuwa anajitetea, na nadhani ameueleza utawala ule vizuri kuliko nilivyoueleza mimi kwenye utangulizi wa kijitabu. Ule usimamizi wa mbali ulikuwa na macho makali ya kuona rupia tano. Mtu aliyekufa na mtu aliyechukua kazi yake haukuwaona.

Machi 8

Fedha. Fupi, maana ni hesabu.

Vituo vinatumia rupia, London anatumia pauni. Rupia moja ni shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, kwa hiyo rupia 15 kwa pauni. Mchezaji wa Nairobi anafanya ubadilishaji, na wote wanamchukia. Kisha inakuja kadi ya 1920: rupia inapandishwa hadi shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Hujaajiri mtu, hujaongeza mtu mshahara, na gharama zako kwenye kitabu cha London zimepanda kwa nusu. Baada ya hapo inakuja florini, halafu Januari 1922 shilingi. Vijana walidhani tumetunga ili kuwachosha.

Machi 22

Leo tumepata mgeni, mzee mmoja aliyestaafu posta, jirani ya mama yake mchoraji. Tulimwalika kwa chai, akakaa mpaka taa zikawashwa.

Aliingia kazini miaka ya mwanzo ya sitini, kwa hiyo mchezo wetu unaishia kabla hajazaliwa. Lakini alipoona jedwali la visanduku alicheka mpaka akavua miwani. Alisomea kwenye chuo cha mafunzo cha posta na simu kilichoanzishwa 1948 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Multimedia kule upande wa barabara ya Magadi. Bado anajua Morse. Alitupigia jina la kila aliyekuwepo kwa kijiko juu ya sosa, na binti wa Kisumu alimfanya arudie la kwake mpaka akalishika.

"Vijana wangu," alisema, "mmeweka kuajiriwa, mmeweka kufa. Kungoja hamjaweka."

Alikuwa na maana ya kungoja barua ya kuthibitishwa. Unafanya kazi ya cheo cha juu, kila mtu ofisini anakujua kwa cheo hicho, umma unapanga foleni mbele yako kwa cheo hicho, lakini kwenye faili wewe ni kaimu, na mshahara ni wa ngazi yako ya zamani. Barua inangojwa. Inatoka wapi? Wakati wake, alisema, baada ya 1967 makao makuu ya shirika la posta la Afrika Mashariki yalipohamia Kampala, ilingojwa kutoka Kampala. Kabla yake wengine walingoja Nairobi, na wakubwa wa Nairobi wakangoja London. "Hata mkileta mkubwa karibu, barua ina mwendo wake."

Alitueleza pia mambo ya ngazi za mishahara, ambayo wakubwa zake kazini waliyapitia. Tume ya Holmes ilipotoa ripoti 1948, ilikubali kwamba asiye Mzungu mwenye kazi sawa na Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury, 1954, ndiyo iliyoziondoa ngazi za rangi, kisha ikaweka nyongeza ya kuwavutia wanaotoka ng'ambo. Mzee alinyosha vidole vitano, akakunja viwili, akatuacha tuangalie mkono wake kidogo. Akaomba chai nyingine.

Aprili 5

Kaimu ameingia mchezoni. Ni kigae cha duara kinachowekwa juu ya kadi. Mwenye kigae anafanya kazi ya juu kwa malipo ya chini. Kukiweka ni bure na hakuhitaji idhini. Kukiondoa kunahitaji barua ya London.

Unaweza kukisia kilichotokea. Wachezaji wote walijaza makaimu. Ifikapo awamu ya pili, Mombasa alikuwa na Mzungu mmoja wa kweli, aliye likizo, na kituo kizima kinaendeshwa na makaimu: karani wa Kigoa anakaimu kwa Mzungu, mpiga telegramu wa Kihindi anakaimu kwa karani, tarishi aliyegeuzwa kadi anakaimu kwa mpiga telegramu. Kila mmoja amepanda ngazi moja bila kupanda. Likizo ndiyo iliyowafikisha hapo: Mzungu alifanya kazi miezi 20 hadi 30 kisha akapanda meli, na akishajumlisha safari na mapumziko unakaa bila mtu wa kisanduku hicho kwa mizunguko kadhaa. Kazi haikuweza kumngoja.

Jamaa wa hesabu ana wasiwasi kwamba sasa mchezo ni rahisi mno kwa Bwana Posta, yaani mwenye kituo. Kweli ni rahisi kwake. Ugumu wote umehamia kwenye kadi za chini, na kadi hazilalamiki. Tulikaa na jambo hilo muda mrefu. Mchezo unaomzawadia mchezaji kwa kumtumia mtu kazi ya wawili unasema kweli kuhusu posta ile, lakini mchezaji anaweza kwenda nyumbani akiwa amefurahi tu kwamba ameshinda. Sitaki hivyo. Wala sitaki kanuni ya kumtia mchezaji aibu, maana vijana wananusa mahubiri kutoka mbali.

Hatujamaliza. Nimeandika tu kwenye ubao mweupe: kadi zianze kusema.

Aprili 12

Kadi za matukio zimekamilika. Ya waya uliokatwa ni ya awamu ya kwanza, inahusu nchi ya Wanandi, ambao walichukua waya wa simu na vyuma vya reli katika upinzani wao wa miaka mingi mpaka Koitalel Samoei alipouawa Oktoba 1905. Fundi wa laini anayetumwa huko anarusha dadu mara mbili. Ya 1914 inawaondoa watu wako kwenda vitani bila kukuuliza. Ya 1921 ndiyo iliyoleta ubishi: waajiri walowezi waliamua kukata ujira wa Waafrika kwa theluthi. Posta haikuwa shamba la mlowezi, lakini bei ya tarishi sokoni inashuka, na London anaweza kuuliza kwa nini wewe bado unalipa zaidi ya jirani zako. Tumeiweka.

Kadi ya Machi 1922 mchoraji ameipa muda kuliko zote. Harry Thuku alikuwa mpiga simu wa ofisi ya Hazina hapa Nairobi, akaipoteza kazi hiyo kwa ajili ya siasa, akakamatwa tarehe 14 mwezi huo. Tarehe 16 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, na risasi zikafyatuliwa. Kwenye kadi hakuna risasi. Kuna ubao wa swichi wa simu wenye nyaya zinazoning'inia na kiti kitupu. Anayeivuta lazima amchunguze kila mfanyakazi wake Mwafrika aliyegeuzwa kadi na aamue kumfukuza au kumficha. Atakayemficha atalazimika kumwandikia London uongo kwa mkono wake mwenyewe.

Mei 3

Uchapishaji. Karatasi ya gramu 300, duka la ghorofani River Road, bei ya majirani baada ya kuvutana. Vigae vya kaimu vinakatwa kwa mbao Gikomba na fundi wa vitanda, anatumia vipande anavyovibakiza. Rangi ya bluu ya London imetoka kama zambarau. Itabaki hivyo.

Mei 17

Kadi zimeanza kusema.

Kanuni mpya ni ya ombi. Kadi yoyote ya Mwafrika au Mwasia iliyokaa na kigae cha kaimu mizunguko mitatu inapata haki ya kuandika kwa London, na anayeiandika si mwenye kituo, ni mchezaji wa kushoto kwake. Kwa sheria za wakati ule ombi kwa waziri London lilipitia kwa gavana. Kwetu linapitia mikononi mwa Nairobi, ambaye analifungua, analisoma, anaandika maoni yake pembeni, kisha analitia kwenye kikapu cha meli. Leo Nairobi alichukua ombi la mpiga telegramu wa Kisumu, lililoandikwa kwa adabu tele na mtu wa Mombasa, akaandika pembeni: "Mtu huyu ana maringo." London akajibu kwamba anaafiki maoni ya ofisa aliye karibu na jambo. Ukumbi ulimzomea. Yule fundi wa simu alisema hana namna, yeye amesoma karatasi yenye maandishi mawili, na moja limetoka kwa mtu anayemjua.

Ndipo tulipojaribu njia ya pili, ambayo nimeichukua kutoka mwaka wetu wa mwisho. James Beauttah alikuwa mtu wa posta, mmoja wa Waafrika wa mwanzo kuifanya kazi ya simu. Yeye na Joseph Kang'ethe, wote wa KCA, chama cha siasa cha Wakikuyu, ndio waliomwendea Johnstone Kenyatta, aliyekuwa akisoma mita za maji za manispaa ya Nairobi, aje awatumikie. Februari 1929 Kenyatta alipanda meli Mombasa kupeleka malalamiko ya ardhi London mwenyewe. Kwenye mchezo, kadi zilizogeuzwa katika vituo vyote vinne zinaweza kuchanga rupia zao chache pamoja. Zikifika nauli, mchezaji mmoja anaacha kituo chake, anasimama, anaingia stoo.

Aliyeingia ni binti wa Kisumu. Hatukuwa tumewaza atakachokuta humo. London alikuwa na kiti kimoja na viti vingine mia vimepangwa mpaka dari nyuma yake, na bado alimwacha amesimama, akasema kanuni hazimruhusu kuzungumza na asiyeandikiwa. Binti akafungua kijitabu, akamwonyesha kwamba hazimkatazi. Walibishana humo ndani kwa mizunguko miwili huku vituo vinakusanya barua zisizo na wa kuzifungua. Nairobi, aliyezoea kusoma kila kitu kabla hakijapita, alikuwa ametega sikio mlangoni.

Sasa tunabishana muda. Jamaa wa hesabu anataka mjumbe akae stoo mzunguko mmoja tu, la sivyo mchezo unapita saa tatu. Mchoraji anasema Kenyatta alikaa zaidi ya mwaka safari ile ya kwanza, asipimiwe mtu dakika. Mimi naelekea kwa mchoraji, ila saa tatu ni nyingi, na ukumbi unafungwa saa kumi na mbili jioni. Jumamosi ijayo tutajaribu kumpa mjumbe masharti mawili: kila mzunguko anaobaki, kituo chake cha Kisumu kinapoteza pointi, lakini Nairobi hawezi tena kuandika pembeni.

Bado kuchapa: kadi za wapiga telegramu, ramani ndogo ya njia ya meli, na kijitabu cha kanuni, ambacho binti wa Kisumu ameomba akisome chote kabla hakijaenda River Road.